Mahali Yake

Bukoto, Kampala
3 Agosti 1974

Kwa Fundi Umar Odur,
Karakana ya Polisi, Masaka

Fundi,

Assalaam alaikum. Natumaini Masaka imekupokea vyema, ingawa nakiri sijui mtu hupokewaje na mji ambao hakuuchagua. Ulipohamishwa kutoka kambi ya Naguru hukupata nafasi ya kuaga, na Baba bado anaitazama rafu ya vitabu uliyomtengenezea kana kwamba itamweleza ulikokwenda. Jana alipitisha kidole kwenye kiungo cha pembeni akasema, "Hapa hakuna msumari hata mmoja, Mwanawetu. Kijana huyu alizaliwa na subira." Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo kwa sababu najua hatakuandikia mwenyewe.

Nina shida, na shida yenyewe ina uzito wa kilo mia tatu.

Utalikumbuka lile tangi la samaki ulilolikuta sebuleni siku ya mwisho, ulipokuja kuipaka rafu vanishi. Ulicheka, ukauliza kwa nini mtu mwenye akili timamu anawajengea nkejje nyumba ya kioo badala ya kuwaanika juani wakauke. Siku ile sikukujibu vizuri. Ni samaki ninaowachunguza kwa ajili ya tasnifu yangu. Jike hutaga mayai, kisha huyaokota na kuyalea mdomoni kwa karibu wiki tatu bila kula. Profesa aliyenisimamia aliondoka nchini mwaka juzi pamoja na wengine wengi, akaniachia funguo, madaftari na samaki. Bomba la maabara lilipoanza kukauka siku nne kwa wiki, niliwahamishia nyumbani, ambako angalau tuna pipa.

Sasa meza ya chuma inayolibeba tangi imeanza kupinda katikati. Nimeipima kwa uzi: inchi kasoro robo katika wiki sita. Kioo hakina tabia ya kupinda. Huvumilia, kisha hupasuka kwa mara moja. Nahitaji kitu cha mbao, imara, ambacho sijui hata nikiite meza au jukwaa. Wewe siku ile ulikiita stendi, nami nitakuiga. Mafundi wawili niliowaendea hapa Bukoto wameniuliza kama ni ya televisheni.

Kwa haki nikueleze na jambo jingine, maana linaigusa kazi hii. Ami yangu aliye Mombasa ametuandikia mara mbili akitutaka tuhame kabla ya mwaka kwisha. Baba hajaamua. Mimi husema nangoja samaki watotoe, wala sina hakika kama hiyo ndiyo sababu yote.

Je, waweza kunielekeza kwa barua, au kunitajia fundi unayemwamini?

Wako katika heshima,
Mwanawetu binti Tajudin


Masaka
11 Agosti 1974

Mwalimu Mwanawetu,

Waalaikum salaam. Barua yako imeletwa na kondakta wa basi, si posta. Hiyo ni vizuri. Endelea kumpa yeye.

Wewe unaandika Kiswahili cha kitabu, mimi naandika cha kambini. Usinisahihishe na kalamu nyekundu.

Fundi mwingine hakuna. Huyo wa televisheni atapiga misumari, na msumari ukibebeshwa maji unalegea siku moja moja mpaka siku ya mwisho. Stendi ina siri moja tu. Uzito ukae juu ya mti, na huo mti ukae juu ya mti mwingine, mpaka sakafu. Boriti ya juu isining'inie kwenye mguu. Mguu unakatwa bega, boriti inakalia bega. Hapo msumari anabaki hana kazi, kama sajini wa ofisi.

Lakini wewe usishike msumeno. Mwisho wa mwezi huu nina likizo ya siku kumi. Nitakuja nitengeneze mwenyewe. Kazi yako ni kutafuta mvule. Mvule mkavu, wa zamani, si ule ulikatwa jana na bado unatoa machozi.

Hapa asubuhi ni baridi. Tangu Mei natengeneza masanduku marefu. Siulizi ya nini. Jioni nachonga vijiko, ili mikono ikumbuke kitu kingine.

Huyo mama samaki anakaa wiki tatu bila kula? Mama yangu Rosalba alifunga Kwaresima, baba yangu alifunga Ramadhani, na sisi watoto tulifunga zote kwa sababu hakuna aliyepika. Nilidhani ni nyumba yetu peke yake.

Juu ya Mombasa sijui niseme nini. Stendi nzuri inakaa miaka thelathini. Sitapenda nimalize, halafu ibaki na mpangaji mwingine aweke redio juu yake. Hilo ni neno la fundi juu ya kazi yake. Usilichukue zaidi ya hapo.

Msalimu Mzee.

Umar Odur


Bukoto
20 Agosti 1974

Fundi Odur,

Nimelichukua kama ulivyosema, si zaidi. Angalau nimejaribu.

Mvule umepatikana, na umepatikana mahali ambapo nisingethubutu kuutafuta. Unaijua ile meza ndefu tunayolia chakula. Si meza, ni kaunta ya duka la babu lililokuwa Old Kampala. Juzi nilikuwa nikimlalamikia Baba kwamba mjini hakuna mbao, naye akaigonga kwa kijiko.

"Mvule unatafutwa mji mzima, na sisi tumeweka viwiko juu yake."

"Babu aliuza kanga juu ya kaunta hii miaka arobaini, Baba. Siwezi kuikata."

"Utaikata. Mimi nimechoka kula wali juu ya duka lililofungwa."

"Na Mombasa je? Tukihama?"

"Nani ametaja Mombasa? Mimi nimetaja mbao." Kisha, baada ya kumaliza chai yake: "Mlango wako anakuja lini?"

Baba ameanza kukuita hivyo, Mlango, na kila akilitamka hucheka peke yake, kwa kuwa mtu wa kabila la Lango ni Mlango, naye ameona kabila lako na kazi yako ya useremala ndani ya neno moja. Nilimwambia si wangu. Akasema, "Sikusema mtu. Mlango huu wa mbele unagoma kufunga, nilitaka autazame."

Vipimo vya tangi ni hivi: urefu inchi arobaini na nane, upana kumi na nane, kimo kumi na nane. Kaunta ina unene wa inchi tatu na haina tundu hata moja la mdudu.

Utakapofika, usishangae majirani wakishusha sauti kwenye ngazi. Tangu lugha hii itangazwe kuwa ya taifa, watu wa jengo letu wameacha kutusalimu kwa Kiswahili, nasi ndiyo lugha tuliyozaliwa nayo. Nadhani wanaposikia "njoo hapa" hawasikii sisi, wanasikia wanajeshi. Sina hakika. Huenda wamechoka tu.

Tutakungoja wiki ya mwisho wa mwezi. Baba ameficha nusu kilo ya sukari kwa ajili ya chai yako, na amenikataza kukuambia.

Mwanawetu


Masaka
14 Septemba 1974

Kwa Mwalimu Mwanawetu,

Mimi ni Kasule, mtunza stoo wa hapa kalakana. Fundi anasema, mimi naandika. Anaomba umsamehe kwa kutokuja mwezi wa nane. Msumeno uliruka ukamkata mkono wa kulia. Si hatali. Daktali amefunga vizuri, ira hawezi kushika kalamu, na likizo imefutwa.

Anasema stendi isingoje. Utatengeneza wewe mwenyewe, yeye atakupa maneno. Miguu minne, kira mmoja inchi ishirini na nane. Juu ya kira mguu kata bega la inchi mbiri, boliti ikae hapo. Usitumie misumali. Boliti za chini zipite ndani ya mguu: chonga ulimi, toboa tundu, ulimi utokeze upande wa piri, halafu piga kabali ibane. Ikisimama, pima kwa kamba kutoka pembe moja mpaka pembe ya mbali, halafu pembe zingine mbiri. Kamba ikiwa sawa mala zote, stendi iko sawa. Gundi ni ya mwisho. Usitie kabla yeye hajasema.

Hapa fundi amenyamaza. Nikauriza, tumemaliza? Akasema bado, andika hii vizuri kuliko zote: Mwalimu anitajie mahali yake. Ataje yeye mwenyewe, asimwachie Mzee. Hiyo ni haki yake, na mimi nitafanya kira ninachoweza.

Nimeandika vire alivyosema. Lamadhani njema.

Kasule, kwa niaba ya Fundi


Bukoto
22 Septemba 1974

Fundi Odur,

Wiki mbili nilizokungoja bila habari nilijitungia sababu nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa ndogo kama msumeno. Kwa hiyo niliposoma kwamba ni jeraha la kazi nilishukuru, kisha nikaona haya kwa kushukuru. Umeshonwa? Vidole vinakunja? Tafadhali Kasule asiandike tu "si hatari". Nina mazoea ya kutaka vipimo.

Nimeanza kazi. Ramadhani imeingia, na kukata mvule ukiwa umefunga ni ibada ya aina yake. Mguu wa kwanza niliuharibu: bega nililikata upande wa chini. Baba alikuwa kwenye kiti chake na tasbihi mkononi. "Stendi inayosimama kwa kichwa," akasema. "Chuo Kikuu kinafundisha mengi." Mguu wa pili ulikuwa mbaya kidogo. Wa tatu niliupenda. Ulimi wa kwanza ulipoingia kwenye tundu lake na kutokeza upande wa pili, nilikaa sakafuni nikautazama kwa muda ambao sitautaja.

Sasa swali lako. Kasule ameandika "mahali yake", nami namsamehe ngeli zake. Nimeelewa ni mahali pake, yaani pa stendi. Nimepachagua mwenyewe kama ulivyotaka. Baba alipendelea barazani ili wapitao waone. Nimekataa. Nimechagua ukuta wa ndani, kushoto kwa mlango wa jikoni: jua halifiki pale, hivyo maji hayataota ukijani, na sakafu haina ufa. Nimeilaza kamba juu yake, iko sawa.

Hata hivyo, kwa kuwa umeniachia haki ya kutaja, yanipasa kusema kweli yote. Mahali hapo ni pa muda. Ami ameandika mara ya tatu, safari hii kwa ukali, na Baba ameanza kuwagawia watu vitabu vyake. Sipendi kukuahidi jambo la kudumu ambalo huenda lisitimie. Nimeona ni heri ulijue mapema, usije ukajisumbua kwa ajili yetu kuliko inavyostahili.

Nakutakia nafuu ya haraka.

Mwanawetu


Masaka
1 Oktoba 1974

Kwa Mwalimu,

Fundi amesoma balua yako mala mbiri. Mala ya piri alisoma nje. Anasema amesikia, na hatauriza tena. Anasema ulisema kweri, na anashukulu.

Kazi iriyobaki ni ndogo. Piga msasa. Weka bakuli la maji juu ya stendi. Maji yakienda upande mmoja, sukuma kipande cha mbao chini ya mguu. Chini ya tangi tandika blanketi kuukuu, kioo kisikae juu ya mti mkavu. Gundi tia ukitaka. Anasema sasa ni sawa tu.

Anakutakia safali njema ya Mombasa.

Kasule

Haya ni maneno yangu, fundi hajui. Mkono si msumeno. Alikuwa anakuja kwenu talehe ishirini na nane, na mfuko wa landa na patasi. Wanajeshi walimsimamisha balabalani, wakasoma kitambulisho, na siku hizi jina la Walango ni hatali. Mmoja akasema, wewe ni Umali ama wewe ni Odulu? Fundi akasema, ni mimi wote wawiri. Wakapiga vidole kwa kitako cha bunduki. Anasema usijue, na wewe usiseme nimesema. Ira tangu balua yako hali chakula, hata wakati wa kufutulu. Mimi nimeona si vizuri mtu mmoja tu ajue.


Bukoto
9 Oktoba 1974

Fundi Odur,

Barua hii naomba uifungue ukiwa peke yako.

Nilipoipata ya mwisho niliisoma mara nyingi, maana sikuweza kuelewa ni wapi nilipokukosea. Maneno yalikuwa ya adabu, na yalikuwa baridi kama sakafu. Nilipochoka kuyasoma kama maneno nikaanza kuyasoma kama herufi. Huo ndio ugonjwa wa watu wa fani yangu: tukishindwa kukielewa kiumbe, tunakihesabu mapezi.

Niliorodhesha kila neno la Kasule lenye *l* au *r*. Karakana, hatari, daktari, misumari, kabari, mara, barua, safari: kote ameandika *l*. Kila, mbili, pili, kweli, vile, ila: kote ameandika *r*. Nikaona anafuata kanuni, nayo ni ile ya Kiganda niliyoizoea tangu utotoni kwa wenzangu wa hapa mtaani. Baada ya *i* na *e* huandika *r*; kwingineko karibu kote huandika *l*. Pale alipoteleza, kama katika "nikauriza", nilimpa alama nusu.

Kisha nikalifikia neno moja. Kabla ya herufi yake pana *a*. Kwa hiyo Kasule angeliandika vile vile kama ulisema *mahali*, na angeliandika vile vile kama ulisema *mahari*.

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Upande mmoja upo hivi: fundi yeyote lazima aulize stendi itakaa wapi, na watu wengi hapa husema "yake" kwa kila kitu, hivyo ngeli yake haithibitishi lolote. Upande wa pili: ulinyamaza kabla ya kusema. Ulitaka nitaje mwenyewe, nisimwachie Baba. Ukaiita haki yangu, na sijapata kusikia mtu akiita ukuta wa jikoni haki. Ningekuwa nasahihisha karatasi ya mwanafunzi, ningeandika pembeni: ushahidi hautoshi, hitimisho ni la haraka. Sijui kwa nini alama hiyo, leo, hainizuii.

Kama uliuliza mahali, umekwisha kujibiwa. Ichome barua hii, na ukinikumbuka unikumbuke kama mwanamke aliyesoma kupita kiasi.

Lakini kama uliuliza mahari, basi mtu alinijia na swali zito kuliko yote anayoweza kuulizwa mwanamke, nami nikamjibu habari za sakafu. Na juu yake nikamwambia asijisumbue. Hilo sikulisema, Fundi. Wala sikulidhani. Naomba lifutwe.

Na kama ndilo uliloliuliza, jibu langu ni hili. Baba alinifundisha kwamba asiye na dhahabu aweza kutoa mahari ya elimu, akamfundisha mke jambo asilolijua. Miezi miwili iliyopita sikujua bega wala ulimi wala kupima pembe kwa pembe. Leo stendi imesimama. Juzi Baba aliipanda akiwa na viatu, nikamwambia ateremke.

"Tangi lina kilo mia tatu, mimi nina hamsini," akasema. "Niache niringe." Akarukaruka mara mbili. Haikulia hata kidogo. Akiwa bado huko juu akaniuliza, "Hivi, Walango hula pilau?"

"Kila mtu hula pilau, Baba."

"Basi sioni tatizo," akasema, akashuka.

Sikuwa nimemwambia neno. Kwa hesabu yangu, kama ulitaka kujua, mahari imekwisha kutolewa.

Habari za mkono sikuulizi. Utanieleza utakapopenda. Ila ujue hakuna kazi ninayoudai mkono huo, iwe utapona wote au nusu.

Samaki wametotoa, na daftari la mwisho limejaa. Tiketi za treni zimekwisha kukatwa, za tarehe thelathini na moja mwezi huu: mbili. Ami anasema ya tatu inaweza kupatikana, kama yupo wa kuipanda. Uliniruhusu kutia gundi, na chupa iko mezani, yaani sakafuni, maana meza hatunayo tena. Sijaifungua. Nangoja neno lako, kwa kalamu ya mtu yeyote.

Mwanawetu


Masaka
19 Oktoba 1974

Mwanawetu,

Huu ni mkono wa kushoto. Usicheke. Nimeanza baada ya chai, na sasa wanaadhini adhuhuri.

Niliuliza mahari.

Nilimwambia Kasule mara mbili, polepole. Leo nimemwonyesha. Anaapa ameandika vile nilisema. Amesoma neno lako na neno lake, anauliza tofauti iko wapi. Tumsamehe. Amekula Idi na mimi, na mimi nimekula.

Lakini hesabu yako si sawa. Mtu hatoi mahari bila kujua anatoa. Hiyo ya stendi ilikuwa ya bure. Nitaleta yangu, utapima mwenyewe kama inafaa.

Haikuwa msumeno. Nilisema uongo kwa sababu niliona utaogopa kuniandikia. Vidole vitatu havikunji na havitakunja. Jumatano wameniachisha kazi. Karatasi inasema hafai tena kwa utumishi. Nimeisoma mara nyingi. Hakuna karatasi nzuri kama hii wamewahi kunipa, kwa sababu mtu asiyefaa anaweza kwenda anapotaka.

Kwa hiyo usitie gundi. Acha kabari tu. Ukigonga kabari kwa nyuma zinatoka, na stendi inafunguka vipande vyote, inafungwa kwa kamba, inaingia kwenye behewa la mizigo. Tangi mwaga maji. Nkejje warudishe ziwani, Mombasa maji ni ya chumvi. Huko tutatafuta samaki wengine.

Mwambie ami ile ya tatu yupo wa kuipanda. Mzee nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimevaa kanzu.

Jumamosi ijayo mchana nitakuwa Bukoto. Kasule anakuja na mimi mpaka mlangoni, anajua kuongea na watu wa njiani. Usitoe kabari hata moja kabla sijafika. Mvule ni mzito, na mkono wangu mmoja unatosha kubeba upande mmoja. Upande wa pili ni wako.

Umar Odur